Kurasa Mbili za Katikati

4 Oktoba

Ayeeyo amefika leo kutoka Tseikuru kwa lori la Baba, yeye mbele, mbuzi nyuma. Kabla hajashuka alikuwa ameshamgombeza dereva kwamba anaendesha kama mtu anayekimbia askari. Dereva ndiye Baba, mtoto wake wa kumzaa. Ayeeyo ni nyanya yangu mzaa baba, na atakaa nasi hapa Tulia mpaka mvua ziishe, kwa sababu mguu unamsumbua na kule barabara ikikatika hakuna wa kumfikisha hospitali.

Mama alimtolea blanketi jipya dukani kwetu. Akalipapasa, akasema ni jepesi. Mama akatoa la pili. Hilo pia jepesi. La tatu amelikubali, lakini yale mawili ya kwanza hajayarudisha na hakuna mwenye ujasiri wa kumwuliza. Nampenda sana huyu mwanamke, na nitaota mvi kabla mvua hizi hazijaisha.

6 Oktoba

Tumeanza kitabu cha katuni. Rafiki yangu Mbinya amekodi chumba nyuma ya mashine ya kusaga unga, kwa sababu ni bei rahisi, na sasa nimeelewa ni kwa nini ni bei rahisi. Mashine ikinguruma meza yote inatetemeka. Kwa hivyo tumejipangia: ikisaga, nachora majani, mawingu na vichaka, vitu ambavyo mkono ukitikisika havidhuriki. Ikinyamaza tu, narukia kuta, milango na mabati.

Mimi nachora nyuma, Mbinya anachora mbele. Ndivyo tunavyosema wenyewe. Nyuma ni kila kisichopumua: maduka, milima, miti, masufuria, mitaro ya maji. Mbele ni watu, punda, kuku, mbuzi. Si kwamba siwezi. Nikiwa darasa la tatu nilichora ngamia mzuri sana nyuma ya daftari la hesabu, Ayeeyo akaliona. Hakunipiga. Aliniuliza tu, "Siku ya kiyama ukiambiwa umtie roho huyu, utaitoa wapi?" Mti akasema hauna neno, kwa hivyo nikawa fundi wa miti.

Mbinya anaweka alama ndogo za penseli pale watu wake watakapokuwa, mimi natia wino kila mahali isipokuwa hapo, kisha yeye anakuja kujaza. Hizo nafasi nyeupe tunaziita viti. "Hamdi, niachie viti viwili karibu na mlango, na kimoja cha mbuzi." Namwachia. Akishajaza, anaweka na puto la maneno, na kila mara analiweka juu ya mti nilioutolea jasho.

Kitabu kinaitwa Mbuzi wa Zombe. Msichana wa Zombe anayeitwa Kasyoki anaibiwa mbuzi, anafuata nyayo mpaka Tseikuru. Kitonga wa mji wa Wote ndiye atakayekichapisha. Anataka kurasa zote mwisho wa Novemba, kitabu kiwe madukani kabla ya Krismasi.

9 Oktoba

Joto. Hakuna wingu. Nimechora soko la Zombe, na Mbinya amelifunika nusu kwa puto lenye neno moja: "Woi!"

13 Oktoba

Tumefika kurasa mbili za katikati, zile zinazofunguka pamoja pale penye pini. Kasyoki anafika kwenye boma la wafugaji, nje ya Tseikuru. Boma lichukue kurasa zote mbili. Nilikaa mbele ya karatasi asubuhi nzima. Kusema kweli sikumbuki boma lolote, tulihamia Tulia nikiwa bado nabebwa.

Nikamwuliza Ayeeyo. Alidhani namtania. Alipoona nimeshika penseli kweli, alivuta kiti, akavaa miwani, na hapo ndipo kazi ilipoanza. "Mto wa mchanga uko huku. Milima ya Mumoni huku. Nyumba ni ya mviringo, si hivyo, hiyo ni ya kuku. Mafiga hapa. Hapa zizi la watoto wa mbuzi, dogo, la miiba. Mlango wa ua uko kushoto."

Hajawahi kukaa karibu na karatasi yangu hata siku moja. Leo alikaa mpaka chai ikapoa mbele yake, na kwake chai baridi ni matusi.

16 Oktoba

Mlango uko kulia. Eti nani alisema kushoto?

"Wewe, Ayeeyo."

"Mimi siwezi kusema hivyo. Ukiweka kushoto jua la asubuhi litaingiaje?"

Nikafuta. Mbinya amecheka mpaka akashika ukuta.

20 Oktoba

Kushoto.

Nimemwambia Mama jikoni kwamba Ayeeyo ameanza kusahau, na sisi sote tunajifanya hatuoni. Mama alikuwa anakanda unga. Hakugeuka. "Wewe chora anachokwambia," akasema.

23 Oktoba

Mvua! Imepiga mabati mpaka hatusikilizani. Soko zima limekimbilia dukani kwetu, na hakuna aliyenunua kitu.

28 Oktoba

Boma limekwisha upande wangu. Nimeacha viti vya Mbinya: kimoja mlangoni, kimoja kwenye mafiga, kimoja pembeni ya zizi, na vya mbuzi vitano. Ayeeyo aliinama juu ya karatasi, akapitisha kidole kwenye ua, akaguna kwa namna ile inayomaanisha amependa. Kisha akagusa weupe ule wa mlangoni.

"Hapa mbona kweupe?"

"Bado hapajaisha, Ayeeyo."

Si uongo. Hapakuwa pameisha. Amekubali, akasema niweke jiwe hapo, kulikuwa na jiwe. Nilitaka kumwambia kwamba hapo atachorwa mtu. Mashine ya kusaga ingekuwa inanguruma ningesema sikusikia, lakini tulikuwa nyumbani na kulikuwa kimya kabisa.

1 Novemba

Kumbikumbi wametoka ardhini baada ya mvua ya jana. Mbinya amekaanga bakuli zima, akala akichora, na sasa ukurasa wa ishirini una alama ya mafuta ambayo ameigeuza kuwa wingu langu.

8 Novemba

Leo sina hamu ya kuandika, ndiyo maana nitaandika sana.

Mbinya alikuja dukani akinyeshewa, karatasi ameifunga kwa nailoni mbili, mwenyewe hana hata mwavuli. Alikuwa amemaliza kurasa za katikati. Wiki nzima amekesha nazo, na uso wake ulionyesha. Aliingia akisema, "Hamdi, ebu ona. Ebu ona tu." Sikuwepo. Nilikuwa nyuma natoa maji kwenye tangi. Aliyekuwepo ni Ayeeyo, kwenye kiti chake kando ya kaunta.

Wanapendana hao wawili. Ayeeyo anamsalimia kwa Kikamba, "Wi museo, mwiitu?" yaani u mzima, binti, na Mbinya anafurahi kila mara kana kwamba ni mara ya kwanza. Kwa hivyo Mbinya akamwekea karatasi mapajani.

Nilipoingia, nilikuta Ayeeyo ameshavaa miwani. Mbinya alikuwa amesimama na tabasamu lililoanza kupotea. Na mimi niliiona picha kwa mara ya kwanza: Mungu anisamehe, ilikuwa nzuri. Kasyoki kwenye mafiga, vumbi miguuni. Mwanamke anakamua. Na mlangoni, pale kwenye weupe, mwanamume ameegemea nguzo, mikono kifuani, anacheka.

"Huyu ni nani?" Ayeeyo akauliza.

"Huyo ndiye mwenye boma, Ayeeyo," Mbinya akasema.

"Mwenye boma namjua mimi. Nimempikia, nimemzalia, nimemzika. Huyu si yeye."

Mbinya akanitazama.

"Ameingia lini hapa? Nani amemkaribisha? Hakubisha hata hodi, ameegemea tu kama kwao." Kisha akavua miwani, akaikunja, na hakuwa akiongea na Mbinya tena. "Nilikuuliza kweupe ni kwa nini. Ukaniambia hapajaisha. Nilikupa boma langu kwa sababu ulisema unachora vitu. Ungeniambia unawatafutia watu nyumba ya kukodi, ningekupa la jirani."

Nikaanza kusema kwamba ni hadithi tu, kwamba mimi mwenyewe sikuchora mtu hata mmoja. Ndiyo, nilisema hivyo, na Mbinya amesimama pale ananisikia nikimsukumia kosa. Ayeeyo aliinuka kwa fimbo yake. Mama alitaka kumshika mkono, akakataa. Akaenda chumbani, akafunga mlango polepole. Afadhali angeubamiza.

Mbinya alifunga karatasi yake. "Hukumwambia," akasema.

"Nilitaka."

"Hamdi. Tangu kidato cha kwanza najua huchori watu. Sijawahi kukuuliza kwa nini, na sijawahi kukucheka. Mimi nimemwekea mzee picha mapajani nikidhani anajua." Akatoka. Mvua ilikuwa bado inanyesha, na akasahau nailoni moja kwenye kaunta.

9 Novemba

Haongei na mimi, anapitia kwa Mama. "Nadifa, mwambie mtoto wako chai imepoa." Mimi niko hapo hapo, nimeshika birika.

10 Novemba

"Nadifa, mwambie mtoto wako anasimama mbele ya mwanga."

12 Novemba

Nimeenda kwa Mbinya. Nilikuwa nimejiandaa kwa maneno marefu lakini mashine ilikuwa inasaga, ikabidi nipige kelele, na kuomba msamaha kwa kelele ni kazi. "NIMEKOSA!" Mzee aliyekuwa anasagisha mtama akachungulia dirishani kuona ni nani. Mbinya akaangua kicheko, yakaisha hapo, kati yangu na yeye.

Kumbe ameshaenda kwa Ayeeyo bila mimi kujua, na sukari na maziwa, kama mtu mwenye adabu. Ayeeyo alipokea, akamwambia hana kosa lolote. "Wewe umefanya kazi yako. Huyu wangu ndiye alijua." Mbinya alinisimulia huku akichonga penseli. Iliniuma kuliko kama angenitukana.

Baba anasema mvua zikitulia, mwanzoni mwa Disemba, Ayeeyo anarudi Tseikuru. Kwa umri wake na mguu ule, sijui kama atakuja tena. Siwezi kumwacha aende hivi. Siwezi.

15 Novemba

Nilikuwa nakunja shuka na Mama, tukavutana kila mmoja na ncha zake. Nikamwambia ningejua angalau kama mlango ni kushoto au kulia, maana hata hilo Ayeeyo mwenyewe hakumbuki.

Mama akaachilia ncha zake, shuka likaanguka. "Nani amekwambia hakumbuki? Alikuwa na maboma mawili. La kwanza, babu yako Nuhu alilijenga, mlango kushoto. Alifia pale. Kisha ukame ukaja, Ayeeyo akahama na watoto karibu na soko, akajenga mwenyewe, mlango kulia. Siku nyingine anakuwa kwenye hili, siku nyingine kwenye lile. Alikuwa anakuonyesha nyumba zake zote mbili, na wewe unakuja jikoni kuniambia ameanza kusahau."

Nimeokota shuka. Mwezi mzima nimemcheka huyu mama wa watu.

18 Novemba

Nimeenda Tseikuru na Baba kuchukua mbuzi. Nimekaa pale anapokaa Ayeeyo, na ni kweli, Baba anaendesha vibaya.

Alinionyesha boma la kwanza. Tulitembea kutoka barabarani, matope mpaka vifundoni, yeye mbele akikata vichaka. Sidhani alikuwa amefika pale kwa miaka mingi. Nyumba haipo. Zizi halipo. Mafiga yapo, matatu, meusi bado upande wa ndani. Lakini ua! Nguzo ambazo babu alichomeka ardhini ziliota mizizi, na sasa ni miti, imesimama duara, na kwa mvua hizi imetoa majani mabichi kabisa. Duara zima limefungana, isipokuwa mahali pamoja. Ukisimama na Mumoni mgongoni, ni kushoto. Na pale kando kuna jiwe, limelainika juu.

"Hapo ndipo babu yako alikuwa anakaa," Baba akasema. Akajifanya anatafuta simu mfukoni.

Nilichora mpaka kalamu ikakataa kwa unyevu.

20 Novemba

Nimemwambia Mbinya nataka kuanza upya kurasa zile mbili, na bila viti. Hakuna hata kimoja. Nilijua ninachomwomba. Ile ni kazi yake bora kuliko zote, na bado siku chache tu.

Alitoa ile picha yake, akaitazama, akamtazama yule mwanamume wake anayecheka. "Ayeeyo alisema hakubisha hodi," akasema. "Na ni kweli. Hata Kasyoki wangu hajabisha. Ametokea tu ndani, anapasha mikono moto kwenye mafiga ya watu."

Akachukua penseli. "Sasa sikiza. Kurasa hizi mbili ni kile Kasyoki anachoona akiwa bado nje. Boma tu. Hajakaribishwa. Ukifungua ukurasa unaofuata, ndipo anasema hodi, na wenyewe wanatoka. Hao ni watu wengine, si wa boma la Ayeeyo, nyuma yao chora ukuta wowote."

"Na maputo?"

"Hakuna puto. Anashangaa. Utaongea nini ukishangaa?"

Nilimkumbatia, na wino ukamwagika kwenye sketi yake. Amenidai sketi.

24 Novemba

Mashine ya kusaga imeharibika. Mtaa mzima unalia njaa. Mimi nimechora mistari iliyonyooka siku nzima, Mungu anisamehe kwa kufurahi.

26 Novemba

Kitonga amepata picha za kurasa na amepiga simu kutoka Wote. Hakusalimia.

"Watu wako wapi? Kurasa za katikati, mtoto akifungua kitabu dukani ndizo anaona kwanza. Mimi nitauza ua? Makueni tuna miti ya kutosha, hakuna mtu anainunulia kitabu."

Nikafungua mdomo, Mbinya akaninyang'anya simu. Mbinya ambaye watu wake ndio wameondolewa! "Kitonga, wewe ulinipenda kwa sababu ya watu wangu, sivyo? Basi mimi mwenye watu ndiye nasema hapa hawaingii. Ukitaka kuwaweka, chora wewe." Halafu akakata simu, akakaa chini.

Kitonga alituma ujumbe baada ya muda: sawa, lakini kisipouzwa asilaumiwe.

30 Novemba

Kurasa zimekwenda kwa Kitonga. Nimelala mchana kama mtoto. "Nadifa, mwamshe mtoto wako, aswali alasiri."

4 Disemba

Anga nyeupe, mvua zimetulia. Ayeeyo ameanza kufunga mizigo yake. Blanketi zote tatu zimo.

6 Disemba

Vitabu vimefika kwa basi la Wote, pakiti mbili, wino bado unanuka. Mbinya alikuja mbio. Tulizifungua pale pale kwenye kaunta, na mikono ilikuwa inagongana. Sikumpa Ayeeyo. Niliogopa. Niliweka kimoja kwenye ukingo wa kaunta, karibu na kiti chake, nikajifanya napanga masufuria.

Alikaa muda bila kukigusa. Kisha nikasikia miwani ikifunguliwa. Kurasa za watu alizipita haraka, kwa kiganja, kama anayefukuza nzi. Akafika katikati. Kiganja kikasimama. Mama aliacha kumpimia mteja kitambaa, na mteja, Mungu ambariki, hakuuliza.

"Mlango uko kushoto," Ayeeyo akasema.

Hakumwambia Nadifa. Aliniambia mimi.

"Ndiyo, Ayeeyo."

"Ua umeota."

"Umeota wote. Nimeuona."

Alitikisa kichwa kwa muda mrefu. Halafu akaweka kidole kando ya mlango, kwenye jiwe, pasipo na mtu. "Hapa babu yako. Jioni, mguu mmoja umekunjwa, anachokonoa meno." Kidole kikasogea. "Hapa mimi, namkamua yule mbuzi mweusi, mwendawazimu yule, alinipiga teke likaniuma mpaka kesho yake. Hapa ndoo. Hapa baba yako analia, masikio yalimwuma mwaka mzima."

Baba alikuwa anaingia na gunia begani. "Mimi sikuwa mtu wa kulia."

"Nyamaza. Unalia."

Tulijikuta tumemzunguka, mimi, Mama, Mbinya, hata mteja na kitambaa chake. Alikuwa anawaweka mmoja mmoja: dada zake, mchuuzi wa chumvi aliyekuja kuomba maji, mgeni aliyelala wiki nzima akala mbuzi wawili. Mbinya alikuwa anafuata kidole kile kwa macho na hakupepesa. Kisha kidole kikarudi kwenye mafiga, kikatua upande wa ndani, mahali penye joto.

"Na Hamdi hapa."

"Ayeeyo," nikasema, "mimi nilikuwa bado sijazaliwa."

"Najua," akasema, bila kuinua macho. "Kaa hapo hapo. Sogea karibu na mimi, kuna upepo."